Kabichi Zisizo na Matundu

Kwa misimu saba, kaya kumi na nane za mjini zilikula kutoka shamba moja. Mapatano yao yalikuwa mafupi: wao watoe hela ya mbegu kabla ya kupanda, mkulima asitie sumu kwenye majani, na kila Jumamosi kilichopo shambani kigawanywe sawa. Kikiwapo tunakula, kisipokuwapo tunavumilia. Maneno hayo yalikuwa ya mkulima mwenyewe, mtu mpole aliyeitwa Taratibu kwa sababu hata punda alimpita njiani. Mwaka ule kiwanda cha nguo kilipofungwa na maji yakazidi unga karibu kila nyumba, hakuna kaya iliyojitoa. Waliobanwa walipunguziwa mchango, wenye nafuu wakaongeza, shamba likapandwa.

Msimu wa nane Taratibu hakuumaliza. Jumanne alilalamika kifua, Alhamisi wakamzika. Wiki tatu mjane wake alikaa ndani akipokea waliokuja kumpa pole, na wiki hizo tatu hakuna aliyegeuza jani hata moja kutafuta viwavi. Alipotoka, kabichi zilikuwa kama chujio.

"Wapelekee hizohizo," alisema wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa bado yuko pale akimsaidia kuosha vyombo vya msiba.

"Hizi? Wifi, hata mbuzi ataniuliza kama namtania."

"Si walikubali?"

"Walimkubali kaka yako. Mimi walikuwa wananiona nyuma ya baiskeli nimeshika vikapu."

Hofu hiyo ndiyo iliyomkosesha mjane usingizi. Wale watu wakiondoka, hakuna mbegu msimu ujao. Bila mbegu, mwenye ardhi atampa mwingine. Matuta yale, aliyoyainua Taratibu kwa mikono yake, yatalimwa na mtu ambaye hata sauti ya Taratibu hakuwahi kuisikia.

Basi Jumamosi alfajiri akapiga moyo konde, akachukua hela za rambirambi zilizobaki, akaenda soko la jumla. Akanunua kabichi kumi na nane, nene, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Njiani akasimama, akazipaka vikonyo udongo kidogo, zionekane zimetoka nyumbani.

Mgao ulikuwa kibarazani kwa fundi cherehani. Fundi, kwa mazoea ya kukagua kila kitu kama kitambaa, akainua ya kwake, akaigeuza huku na huku.

"Mama, miaka yote nakula masalia ya viwavi. Leo wamenisusia?"

Watu wakacheka. Mjane angeweza kucheka nao, mambo yakaisha. Lakini Fundi alikuwa ameshafuta udongo kwa kidole, na kikonyo kilikuwa kikavu, cha kahawia, kimekatwa siku nyingi. Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia pale pale kizingitini.

"Si zangu," mjane akasema. "Nimenunua sokoni. Sijui zimenyunyiziwa nini. Zangu zimeliwa."

Kicheko kikakatika. Muuguzi, ambaye wote walimwita Sista, akairudisha kabichi yake kwenye kreti polepole.

"Mama, mwanangu wa miaka miwili anakula hiki."

"Najua."

"Ungesema hakuna, ningerudi na kikapu kitupu. Ndivyo tulivyopatana."

"Niliogopa mtaondoka, Sista."

"Na kwa hili ndiyo tungebaki?"

Mwanamke mmoja alichukua kikapu chake, akaondoka, wala hakurudi tena. Mjane hakumlaumu.

Aliyeuliza ni Dereva, mzee mstaafu wa magari ya mizigo.

"Zimeliwa zote?"

"Nusu. Zilizobaki zitaliwa wiki hii."

"Viwavi wanatolewaje?"

"Kwa mkono. Jani kwa jani."

"Na wewe una mikono mingapi?"

"Miwili, baba."

"Basi tatizo nimeliona."

Za sokoni walizichukua waliokuwa hawana kitu jikoni, wakijua ni za sokoni. Na jioni ile watu tisa walifika shambani, kila mmoja na kopo lake la maji ya sabuni la kutosea viwavi. Fundi alivaa tondoo, vile vikofia vya chuma vya kushonea, kwenye kila kidole.

"Fundi, huyo ni mdudu, si pindo!" Dereva akamwambia.

"Nyamaza wewe. Nikiguswa nazirai, utanibeba?"

Mjane alipita kati yao akiwaonyesha. Mayai ya manjano, chini ya jani, yapondwe kwa dole gumba. Katikati ya kabichi, pachunguzwe kwa upole. "Na usiishie kwenye matundu," alisema. "Angalia jani zima la jirani. Aliyekwisha kula hapa amehamia hapo."

Sista aligeuza jani zima alilokuwa amelipita. Wapo, watatu.

"Ama kweli Taratibu alikuwa fundi," alisema. "Haya nani alimfundisha?"

Mjane akasimama na kopo lake.

"Mimi," akasema. "Nilipoolewa alikuwa mwashi. Hakujua kutofautisha kabichi na spinachi."

Dereva aliangua kicheko hadi akakaa juu ya tuta, akafukuzwa kwenye tuta. Mjane naye alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja, hakuyaficha. Sista alisogea, akasimama bega kwa bega naye, wakaendelea kugeuza majani.

"Nilikasirika, mama. Bado kidogo," alisema.

"Una haki."

"Lakini ulisema mwenyewe. Ungeweza kucheka tu."

Giza lilipokaribia, makopo yakamwagwa, watu wakaanza kujipangusa miguu. Katika ndoa yake yote, aliyekuwa akiomba ni mumewe; yeye alikuwa mtu wa kutosheka au kunyamaza.

"Kesho viwavi watakuwapo tena," akasema. "Na kesho kutwa. Peke yangu siwezi. Naomba mje."

Wakatazamana. Fundi akavua tondoo moja moja, akahesabu wenzake kwa macho, akasema yeye na Dereva watakuja kesho, Sista akitoka zamu Jumatatu, waliobaki wapangane wenyewe.

"Asanteni," mjane akasema. Aliona halitoshi, akalisema tena, kisha akawasindikiza mpaka barabarani, taratibu.