Kivuli cha Ghorofa Kumi na Nane

Florence alikuwa ameinama katika jaruba lake la mpunga, kijijini Ozi, aking'oa magugu, kivuli cha jengo la jijini kilipomfika mgongoni. Jengo lenyewe halikuwapo. Alihesabu ghorofa, zikawa kumi na nane, akashika kiuno kidogo, kisha akarudi kwenye magugu.

Kivuli hakikuondoka. Wiki ya tatu mpunga ukaanza kugeuka manjano. Jatani, mfugaji wa Kiorma, akaleta ng'ombe wake wapumzike ukingoni mwa kivuli.

"Mama Hope, Mungu amekuezekea shamba, nawe wanuna?"

"Libebe hilo paa, Jatani, uende nalo."

"Ningeweza ningelibeba. Kwangu hata mti wa kujifichia jua hakuna."

Florence akaenda mjini Garsen, kwenye ofisi za serikali. Afisa wa mipango, kijana aitwaye Mukhtar, alifungua faili bila kuuliza ni kivuli gani.

"Ombi hili lilipita vizuri, mama. Watu wa jiji wanahitaji nyumba. Bustani zao nazo zinahitaji jua. Kwa hiyo kivuli kikaletwa huku."

"Huku kuna mpunga wangu."

"Hapa pameandikwa pori," Mukhtar alisema kwa upole. "Na mkutano wa kutoa maoni ulifanyika."

"Wapi?"

"Kwenye hizo bustani."

Akamshauri asogeze shamba hatua mia mbili. Florence alimtazama kama anavyotazamwa mgeni, akamweleza. Mpunga wa Ozi hunywa maji ya mto pale bahari inapojaa na kuyasukuma nyuma, na maji hayo yana njia zake tangu enzi za babu. Hatua mia mbili kutoka hapo ni vumbi tupu. Penye jua hapana maji, penye maji hapana jua. Mukhtar aliyaandika yote, akagonga muhuri, akamtakia safari njema.

Msimu uliofuata Florence alikichunguza kivuli vizuri zaidi. Madirisha yalikuwa yanapitisha mwanga, nao ulianguka topeni vipande vipande, kila kimoja sawa na mkeka. Akapanda humo tu. Mpunga ukashika. Majirani walipopita walimsalimu, wakauliza dirisha lipi limezaa zaidi.

Masuke yalipoanza kuchomoza, mtu wa ghorofa ya sita alifunga pazia.

Florence akasimama kando ya kipande kilichozimika. Alingoja mpaka alasiri. Kisha akahamia ghorofa ya saba, kufukuza ndege.