Upepo wa Saa Nane

Kompyuta ilitabiri upepo mkali kuanzia saa nane, na Mwalimu Egidi wa kwaya akang'ang'ania hapohapo.

"Tupe umeme wa spika asubuhi hii, binti yangu. Betri si zitajaa mchana?"

"Mtapata wa kinanda tu, Mwalimu," alijibu Ephrasia, mwendesha mtambo wa umeme wa upepo pale kijijini Ruanda. Daftari lake lilionyesha kwamba katika siku kumi, kompyuta hukosea tatu. Na huu ulikuwa msimu wa mavuno: kahawa mbivu isipomenywa siku ileile, huchacha.

Kwaya iliimba bila spika, imenuna, ingawa sauti ya pili haikuwahi kusikika vizuri namna ile.

Saa nane ikafika. Mapanga ya mtambo yalitulia tuli kama yamebandikwa angani. Wakulima wakaingia na magunia. Ephrasia akawasha mashine ya kumenyea kahawa kwa umeme wa betri, ikanguruma hadi gunia la mwisho, la Mwalimu Egidi mwenyewe.

"Ulijuaje kwamba upepo hautakuja?" Egidi aliuliza, akijifuta mikono.

Ephrasia akacheka. "Sikujua, Mwalimu. Ndiyo maana niliweka akiba."