Mama Hakanyagi Ziwa

Kaka yangu Datius alijenga nyumba Nshambya, akaiwekea marumaru zinazong'aa hata nzi anajitazama humo. Kisha akaenda Muleba kumchukua mama yetu, Alistidia, ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamwanza. Mama akafika mlangoni, akapandisha kitenge mpaka magotini, akauliza mtumbwi uko wapi.

Datius alicheka. Mimi niliinama pale mama aliposimama, nikaona mwanga wa dirisha umelala sakafuni, unametameta. Kwa macho yake lile lilikuwa ziwa. Nikamwambia kaka atandike kitu.

"Edvina, marumaru za Italia nizifunike? Mama ana ubishi tu."

Basi mama akawa anakula uani peke yake, na kuku wanamzunguka.

Siku wageni walipokuwa wanakuja kumposa binti wa Datius, kaka akaamua mama afichwe stoo wakishafika, asije akatuaibisha. Jamani, mjukuu anaposwa, bibi yuko stoo? Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma huwa siombi ruhusa.

Kaka alipokwenda stendi kuwapokea wageni, nikashuka bondeni na panga, nikafyeka nyasi, nikazitandaza sebule nzima kama tulivyokuwa tukitandika kwetu kila sikukuu. Italia yote ikapotea. Mama akaingia mwenyewe kutoka uani, akavua kandambili mlangoni, akapita katikati, akakaa.

Datius akarudi na wageni. Alinikata jicho, lakini mbele ya wakwe watarajiwa utafoka vipi? Tena mzee wao, Karugendo, alishavua viatu, anasema nyumba yenye wenyewe huonekana tu. Nikameza kicheko, nusura kinipalie.

Mama akachukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, akawagawia wageni mmoja mmoja, kwa heshima zote, bila kuruka mtu. Alipomfikia Datius akasita, akamtazama sana.

"Karibu, waitu, mwenzetu. Wewe unatokea wapi? Nyumba yako iko mbali?"

Mimi hamu ya kucheka iliniisha. Kaka yangu, mwenye hati na funguo, akapiga magoti kwenye nyasi, akapokea kahawa kwa mikono miwili.

"Sina nyumba, mama," akasema. "Naomba unipokee hapa kwako."

Mama akasogea kidogo, akampisha mahali pa kukaa.