Gramu Mia Mbili na Kumi

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu pale Soko la Bomba Bovu, Mtoni, aliyejua kisu cha Albano kina uzito gani. Albano mwenyewe hakujua. Tulichojua ni kwamba kilikuwa kisu cha kukunja, kikikunjwa kina urefu wa simu ya batani, na mpini wake ni wa mpingo. Aliuchonga mwenyewe mwaka alioachana na vinyago, baada ya kuchonga tembo hadi akawachukia. Mpingo ukiutupa majini unazama. Ukiutia mfukoni, suruali ndiyo inayozama.

Mie ndiye niliyekuwa namshonea mfuko. Kazi yangu pale sokoni ni kushona magunia, na kazi ya Albano ni kuyafungua: anakata uzi tu, gunia halichaniki, mie nalishona tena kesho. Mfuko wa kawaida ulikuwa ukistahimili kisu kile wiki tatu, halafu unatoboka, kisu kinateremka mpaka kwenye kiatu. Mwishowe nikamtilia mfuko wa turubai. Mfuko ukapona, suruali ikaanza kulalia kulia. Albano akatafuta kufuli kuukuu lisilo na ufunguo, akalitia mfuko wa kushoto. Suruali ikasawazika. Ametembea na kufuli hilo tangu siku hiyo na halijawahi kufunga kitu chochote.

Mpini ule una nundu mahali ambapo kwa mtu mwingine pangekaa kidole cha mwisho. Albano hana kidole hicho mkono wa kulia, kililiwa na mlango wa lori la chumvi. Alipochonga mpini aliufuata mkono kama ulivyo. Ukikishika wewe, kinakuchoma kiganjani. Akikishika yeye, hakitikisiki.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, watu wawili waligombania meza ya nyanya wakapigana kwa mchi wa kinu. Mmoja alishonwa nyuzi sita. Wiki iliyofuata uongozi wa soko ukapiga marufuku visu. Mchi haukutajwa. Kibao kikapigwa misumari langoni, maandishi mekundu:

NI MARUFUKU KUINGIA NA KISU KINACHOZIDI VIDOLE VINNE AU GRAMU 100. KITAHIFADHIWA LANGONI. SHERIA HII NI KWA KILA MTU, KILA ANAPOINGIA. MENEJA.

Neno lililonisimamisha ni hilo la kuhifadhiwa. Mwaka 2007 walihifadhi mikokoteni minne. Mwaka 2014 walihifadhi miavuli ya akina mama wa mboga, na mmoja, wa njano wenye kiraka nilichokishona mie, nikauona mwaka uliofuata umesimama kwenye kibanda cha chipsi cha shemeji wa meneja wa wakati ule. Mikokoteni sijaiona mpaka leo. Bado naangalia.

Mizani waliazima kwa Hamida, muuza dagaa, ile ndogo ya betri. Walimwambia siku mbili. Mlinzi, Fransis, akaiweka juu ya stuli langoni, na chini yake boksi la sabuni la kuhifadhia.

Jumatatu Albano akafika na kisu chake.

"Shikamoo, mzee Albano."

"Marahaba, Fransis. Vipi, na salamu mnapima?"

"Weka kisu hapo, mzee wangu. Sio mie, ni kibao."

Mizani ikasoma mia mbili na kumi. Albano akaisogelea kama mtu anayeoneshwa picha yake ya utotoni.

"Kumbe," akasema.

"Bado vidole. Kikunjue, weka mkono juu."

"Vidole vya nani?" nikauliza mie.

"Vya mwenye kisu. Bosi kasema hivyo ili mtu asije akalalamika kapimwa kwa mkono wa mwenzake."

Albano akalaza mkono wa kulia juu ya ubapa wa kisu. Ukiacha gumba, ana vitatu. Ncha ikachungulia ng'ambo kwa upana wa kidole kimoja.

"Kimezidi," Fransis akasema.

"Kidole ndo kimepungua," nikamwambia.

"Basi chukua wa kushoto," Albano akasema, akaubadilisha. Kikatosha.

"Unakishikia kushoto?"

"Hapana."

"Basi kimezidi. Na gramu je? Gramu nazo utaweka mkono gani?"

Wakati huo shazia langu, sindano ya kushonea magunia, lilikuwa mfukoni mwa shati. Ni chuma kirefu kuliko kisu cha Albano, na ncha yake inapita gunia la katani mara mbili. Fransis aliliona. Alinipisha. Kufuli la Albano nalo halikuulizwa.

Albano hakukubali kuhifadhiwa kisu. Akakirudisha nyumbani, akachelewa saa nzima, akakuta magunia ishirini na mbili ya vitunguu yamelala hayajafunguliwa na Ismail, kiongozi wa wapakuzi, amesimama juu yake.

"Kaka Albano, mie sina ugomvi na wewe," Ismail akasema. "Lakini magunia hayajifungui. Nakupa mpaka Jumamosi. Ikipita hapo, nafasi namwachia Elibariki."

Elibariki alikuwa nyuma yake anafungua gunia kwa meno. Akatema uzi, akatuitikia kwa kichwa.

Albano ana miaka hamsini na nne. Sijawahi kusikia mtu Mtoni anatafuta mfanyakazi wa miaka hamsini na nne mwenye vidole tisa. Na yeye alijua. Jioni ile akanunua kwa machinga kisu cha kuning'iniza kwenye funguo, mpini wa plastiki nyekundu. Gramu ishirini na nane. Fransis alipokipima Jumanne alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu apewe mizani.

"Hiki sasa ndo kisu cha kiraia."

Shida ya kwanza ilikuwa kutembea. Kulia gramu ishirini na nane, kushoto kufuli. Suruali ikalalia upande wa pili, na Albano akapita sokoni kutwa nzima kama mtu anayetafuta sarafu upande wa kushoto.

"Toa hilo kufuli basi," nikamwambia.

"Nimelizoea."

Shida ya pili ilikuwa kazi. Lazima niseme gunia lenyewe lilivyo. Gunia halali lina kilo zisizozidi mia. La kwetu ni lumbesa: linajazwa mpaka mdomo, likijaa linavalishwa kofia ya wavu, kofia nayo inajazwa, halafu linafungwa kamba ya manila. Kilo mia na arobaini, mia na sitini, nani anajua. Kila mwaka tunatangaziwa kuwa ni marufuku. Mtu wa mwisho kuja na mizani ya magunia pale alikuja mwaka 2011, akanywa soda, akaondoka.

Kisu cha gramu ishirini na nane hakina mpini wa kukaza mkono. Kwenye manila kiliteleza, na kwa kuwa hakina kizuizi, kikajikunja chenyewe juu ya kidole cha shahada. Hamida akamfunga kwa kitambaa cha khanga.

"Baba wewe," akamwambia, "unapunguza vidole halafu unalalamika vya kupimia havitoshi."

Shida ya tatu tuliijua Jumatano mchana, pale mama ntilie alipokuja na kisu chekundu juu ya sahani.

"Hiki nimekikuta kwenye maharage ya mteja. Kimeiva. Cha nani?"

Albano akajipapasa. Kilikuwa kimedondokea kwenye gunia la maharage tangu asubuhi na mfuko haukumwambia kitu. Kile cha mia mbili na kumi, hata akiwa usingizini, kikichomoka angeshtuka kama ametolewa jino.

Alhamisi akaja na tupa. Akakaa nje ya lango, kisu cha mpingo mkononi, nundu imemwelekea.

"Nataka kuupunguza mpini," akasema. "Nikifika mia moja, naingia."

"Ukiikata nundu utakishikaje?"

Akalaza tupa juu ya nundu. Hamida, ambaye alikuwa amekuja kwa mara ya kumi kuulizia mizani yake, akamnyang'anya kisu. Mafundi wa namna ya Albano hufunga mpini kwa skrubu mbili. Hamida akazilegeza kwa ncha ya mkasi, akavua mpini, akaweka chuma kitupu juu ya mizani.

Mia moja na ishirini na tano.

"Umeona? Hata ukikivua nguo zote bado ni mhalifu," akasema. "Weka tupa chini. Na nyie mtanirudishia lini mizani? Dagaa napima kwa kopo, watu wananiita mwizi."

Albano akarudishia mpini, akakaza skrubu kwa ukucha. Mie nikaangalia kibao ili nisimwangalie yeye. Nikakisoma tena chote, kutoka juu. Shule niliishia la nne. Tangu hapo nasoma kila kitu mpaka neno la mwisho, kwa sababu wanaoandika vibao wanategemea uishie la pili.

Kila mtu, kila anapoingia.

"Fransis," nikasema, "wapakuzi unawapima mara ngapi?"

"Mara moja. Asubuhi."

"Wanaingia mara ngapi?"

Akaanza kuhesabu, akaacha. Malori hushushia nje, kwa sababu daraja la mtaro lilivunjika mwaka 2016 na bado limevunjika. Mpakuzi mmoja hupita lango lile mara hamsini.

Ijumaa nikazungumza na wapakuzi, mmoja mmoja, wakati wa chai. Sikuwaambia wagome. Kugoma kuna barua, na barua zina majina. Niliwaambia tu watii.

Jumamosi, siku ya Albano, yakaja malori manne: mawili ya vitunguu, moja la viazi, moja la nyanya. Mpakuzi wa kwanza akafika langoni na lumbesa mgongoni, akasimama.

"Pita," Fransis akasema.

"Nina kisu, braza. Nipime."

"Nimekupima asubuhi."

"Ile ilikuwa kuingia kwingine."

Ikabidi watu wawili wamtue gunia. Akatoa kisu cha funguo, gramu thelathini na moja, akalaza vidole vinne juu yake, akakirudisha mfukoni, watu wawili wakamtwisha. Nyuma yake walikuwa kumi na wanne. Na mwishoni mwa foleni alisimama Albano na kisu chake cha mpingo. Zamu yake ikifika, mizani ikisoma mia mbili na kumi, anasema, "Ahsante, mwanangu," anarudi nyuma ya foleni.

Saa tatu foleni ilikuwa imefika Kilwa Road. Magunia machache yaliyoingia ndani yalikuwa yamelala hayajafunguliwa. Elibariki alikuwa ameshika shavu. Jino moja lilikuwa limebaki kwenye manila. Wanunuzi wakawa wanayapiga magunia mateke.

Ismail akatoka mbio. Huyo ni mtu wa haraka, na wazo lake lilikuwa la haraka.

"Kisu si hakiingii? Basi gunia litoke! Leteni magunia huku nje, Albano afungulie hapa hapa."

Wakayatoa. Albano akapiga goti nje ya lango, hatua mbili kutoka kwenye kibao, akakunjua kisu chake. Tsa, tsa, uzi chini. Gunia moja, pumzi mbili. Nilikuwa nimesahau lilivyo jambo zuri kuliangalia. Gunia lililofunguliwa likabebwa kurudi ndani, na aliyelibeba akasimama langoni.

"Nipime, braza."

Wakalitua. Gunia lililofunguliwa likituliwa kwa haraka linamwaga. Vitunguu vikaviringika mpaka mtaroni.

Hapo ndipo Kamugisha, meneja, akatoka ofisini na shati jeupe. Akatazama foleni. Akatazama vitunguu. Mwenye lori la nyanya akamwambia maneno ambayo siyaandiki.

"Nani kaanzisha huu upuuzi?"

"Kibao, bosi," Fransis akasema.

Kamugisha akanitazama mie. Nikamwamkia.

"Baba Anastasia, nyie mnataka nini?"

"Sie hatutaki kitu, meneja. Tunatii. Ila kwa kuwa mizani imeshafika langoni, na siku ni ndefu, tungeomba na magunia yapimwe. Sheria yao ya kilo mia ni ya zamani kuliko hii."

Wenye malori wanne wakamtazama Kamugisha wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hawakuwa wanapiga kelele.

"Kisu cha huyu mzee kina ngapi?" Kamugisha akauliza haraka.

"Mia mbili na kumi," Fransis akasema. Alikuwa amekipima mara tisa.

Rangi nyekundu ililetwa kwenye kikopo. Kamugisha akafanya mwenyewe: moja akaigeuza mbili, sifuri ya kwanza akaigeuza moja. Ilikuwa kazi ndogo, hata shati halikuchafuka. Kisha, chini ya VIDOLE VINNE, kwa herufi za kubana maana nafasi haikuwepo, akaongeza: VYA MKONO WOWOTE.

Albano akaweka kisu kwenye mizani mara ya mwisho. Akalaza mkono wa kushoto. Fransis akamwambia apite. Akakitia mfuko wa kulia, suruali ikakaa sawa, akaingia sokoni amenyooka. Ismail akamwonesha magunia. Elibariki akampisha huku ameshika shavu.

Hamida akaja akachukua mizani yake kwenye stuli bila kumwomba mtu.

Albano hukinoa kisu kile kila asubuhi, kwa hiyo hakiwezi kuongezeka. Upande huo nimetulia. Magunia hayajapimwa. Na ndani ya lile boksi la sabuni vilihifadhiwa visu kumi na kimoja vya watu siku ile ya kwanza, kimoja kina mpini wa pembe, kimoja kimefungwa waya wa shaba. Jana nilimuuliza Fransis boksi liko wapi.

"Boksi gani?" akasema.

Waya wa shaba, mizunguko saba. Nikikiona nitakijua.