Asali Haitemwi

Niliota usiku wa kuamkia leo, na ndoto ilinikuta kazini tayari, nimefika ndoo ya kumi na saba kati ya arobaini. Nilichovya kijiti, nikakiinua mpaka asali ikavuta uzi, nikanusa, nikaweka ulimini, nikameza. Kisha nikaandika kwenye daftari: rangi ya kahawa nyepesi, harufu ya maua ya msituni, uzito mzuri, ladha daraja la kwanza.

"Na wewe?" ndoo ikauliza.

Niliitazama. Ni ndoo nyeupe ya plastiki, ya lita ishirini, mfuniko wake umepasuka pembeni. Nikaiuliza mimi nimefanyaje.

"Umeandika mimi nilivyo," ikasema. "Hujaandika wewe umenimeza mara ngapi."

Niliona ina hoja. Lakini daftari langu lina safu nne, nilizirithi kwa baba, na ya tano haimo. Nikachovya tena kijiti ili nipate muda wa kufikiri. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi nina miadi ya kupimwa damu, na tangu jioni sikutakiwa kutia kinywani kitu chochote ila maji.

Inafaa nilieleze hili, kwa sababu ndoto haikulieleza.

Mimi ni mwonjaji wa chama chetu cha wafugaji nyuki, huku Sikonge. Sikusomea. Nilijifunza kwa kusimama nyuma ya baba, ambaye alionja asali miaka thelathini, na miwili ya mwisho aliionja bila kuiona, maana ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla macho. Miezi mitatu iliyopita, Sikudhani, fundi wa maabara hospitalini, alinitoa damu mara mbili. Kwanza tone la kidoleni, linaloeleza sukari ya asubuhi hiyo peke yake. Halafu kichupa cha mkononi, kinachoeleza wastani wa miezi mitatu. Kidole kilisema sita nukta nne. Mkono ulisema sita nukta mbili kwa mia. Sikudhani ni Mzaramo, mtani wangu, kwa hiyo hakujisumbua kunifariji. Alisema kila kipimo kina mizani yake lakini vyote viwili vinakubaliana: sijaugua bado, ila nimeshapiga hodi, na Mnyamwezi akishafika mlangoni na mzigo, nani amewahi kumwona akirudi nao? Kama mkono hautashuka, alisema, basi huo ulimi uachishwe kazi.

Sukari ya chai niliiacha siku hiyohiyo. Ugali wa usiku niliupima kwa ngumi, ukawa ngumi moja. Asali sikuihesabu, kwa sababu asali ni dawa, na ile ya ghalani wala si kula, ni kazi. Ila siku tatu za mwisho kabla ya miadi niliweka kijiti chini, nikiwa nimemaliza ndoo ya kumi na sita, nikapanga kwamba nikifika kwa Sikudhani nitaomba anipime kidole tu. Sikuona kuwa nadanganya. Niliona kuwa najiandaa.

Sasa turudi ndotoni.

Ghala linakuwa mkono wangu. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Mlango ni uleule wa bati, lakini nyuma yake kuna barabara ndefu, nyekundu, yenye joto, na juu ya barabara unakuja msafara wa wapagazi, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na furushi la sukari kichwani. Mbele yao anatembea kirangozi wao, amevaa manyoya kichwani na njuga miguuni.

"Tupishe kidogo, mwenye mwili," anasema. "Sisi ni insulini."

Nawapisha. Nawaambia naitwa Mihayo. Kirangozi anasema wanalijua jina hilo tangu nimezaliwa, na kwamba kazi yao ni kuitoa sukari barabarani na kuifikisha majumbani kabla haijaleta fujo. Ananikaribisha niongozane nao, na kwa kuwa sina shughuli nyingine, nakubali.

Nyumba ya kwanza ni Paja la Kushoto. Kirangozi anapiga hodi. Dirisha linafunguka kiasi cha kiganja, anachungulia mama mmoja mwenye kilemba.

"Tumejaa," anasema.

Kirangozi anamwambia ni furushi moja tu. Mama anamjibu kwamba hata jana lilikuwa moja tu, na kwamba ndani humo watu wanalala juu ya sukari. Kisha ananiona.

"Kumbe umekuja naye. Baba, tangu masika umekaa kwenye kigoda na kijiti chako. Hutembei, huinami, hata kuni anakata mkeo. Hii sukari tuipikie moto gani?"

Namwomba radhi. Anasema hajakasirika, ameshiba tu, na anafunga dirisha kwa adabu.

Tukiwa njiani kirangozi ananieleza shida yao. Zamani mpagazi mmoja aliweza kupiga hodi na mlango ukafunguka. Siku hizi wanasukuma mlango mmoja watu arobaini, na mzee Kongosho, anayewaajiri, analalamika kwamba kila siku anaandika vijana wapya na kazi haiongezeki. Mizigo inayokataliwa wanaipeleka kwa Ini, mtunza ghala. Tulimkuta Ini amekaa kwenye kiti kidogo, amezungukwa na mafuta aliyoyageuza kutoka kwenye sukari hiyo. Mengine ameyaning'iniza darini kama mahindi ya mbegu. Alinisalimu kwa upole, akauliza kama namjua mtu yeyote anayehitaji mafuta. Nikasema simjui. Akasema kila mtu humwambia hivyo.

Hapo barabara inageuka kuwa ukumbi wa chama chetu. Kwenye mabenchi wamekaa chembe nyekundu za damu, maelfu kwa maelfu, kila mmoja ana umbo la kitumbua kilichobonyezwa katikati, na kila mmoja amevaa kanzu. Kiti cha mwenyekiti kimekaliwa na kijiti changu cha kuonjea. Ajenda imeandikwa ubaoni, ni moja: mwonjaji aendelee au asiendelee.

Nikapewa nafasi ya kujitetea. Nilisimama, nikaomba wasimame mashahidi wangu, na wakasimama chembe watatu wa umri wa siku tatu. Kanzu zao zilikuwa safi. Wakainama kushoto, wakainama kulia, ukumbi ukawapigia makofi. Nilianza kukusanya daftari langu nikijua nimeshinda.

"Na Mzee naye asikilizwe," kijiti kikasema.

Mzee alisimama taratibu. Ana siku mia na kumi na tano, na chembe nyekundu haishi sana zaidi ya mia na ishirini. Akageuka akatuonyesha mgongo. Kanzu yake ilikuwa na viraka vya asali toka shingoni mpaka miguuni.

"Hiki ni cha ndoo ya tisa," akasema, akikigusa kimoja begani. "Aliionja mara tatu kwa sababu ilikuwa tamu. Si kwa sababu alikuwa na shaka. Na hiki cha kwapani ni cha siku aliyomwambia mkewe anakagua mfuniko."

Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanaomjua mtu. Hata wale mashahidi wangu watatu walicheka.

Nikauliza kama kanzu hiyo inaweza kufuliwa. Mzee akasema ya chembe haifuliwi. Sukari ikishaganda hapo inaendelea kukaa hapo, na wao huivaa mpaka siku ya kuondoka.

"Mimi naondoka karibuni," akasema, "wengu, kaburi la chembe wazee, unanisubiri. Sina kinyongo. Nimeishi maisha matamu. Lakini kuna mtoto wetu amezaliwa leo ubohoni, kanzu yake haina hata doa. Yeye atakuwa mzee wakati wa kipimo kijacho. Sasa nikuulize, mwanangu. Asubuhi umepanga aulizwe nani? Hawa watatu, au sote?"

Niliweka daftari chini. Kisha, kwa kuwa sikuwa na la kuficha mbele ya watu wanaoishi ndani yangu, niliwaambia ukweli. Mkiulizwa ninyi nyote, nikasema, mimi sina kazi. Asali lazima ionjwe, na kuonja ni kumeza. Asali haitemwi. Baba alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kushika kijiti: mwonjaji anayetema anawatukana nyuki, na nyuki waliotukanwa huhama mizinga ya ukoo mzima. Ndiyo maana baba alimeza miaka thelathini, na mimi namalizia mwaka wa kumi na tisa.

Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Akaingia nyuki mmoja, akatua kwenye ukosi wa shati langu, akaniomba nirudie niliyosema, maana alikuwa mbali. Nikarudia.

"Nani alikwambia?" akauliza.

"Baba."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na baba yake."

Nyuki akapangusa uso kwa miguu ya mbele. Alionekana kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumvunjia mwenzake heshima.

"Kaka yangu," akasema, "sisi tunanyonya maji matamu ya ua, tunarudi nyumbani, tunamtemea mwenzetu mdomoni. Naye anamtemea mwingine. Tunatemeana hivyo mpaka yawe mazito, ndipo tunayatema kwenye sega. Hiyo ndiyo asali. Hakuna tone ulilowahi kulionja ambalo halikutemwa kwanza."

Nilimwona Ini, kule nyuma, ameshika kichwa.

"Tunawaona mnavyomeza," nyuki akaendelea kwa sauti ya chini, "tunasema pengine ndiyo desturi yenu. Hatukutaka kuingilia."

Nikaomba nipewe muda nilifikirie jambo hilo. Kijiti kikanipa. Nililifikiria nikiwa nimesimama, na nilipomaliza sikumlaumu baba, kwa sababu naye hakuwahi kutembelewa na nyuki kwenye ukosi.

Kisha naona kila mtu ananisubiri. Naitwaa ndoo ya kumi na saba, najitwisha kichwani, naanza kutembea. Sijui kwa nini, lakini ndotoni lilikuwa ndilo jambo la kufanya. Ukumbi unarefuka, unakuwa barabara, na kila ninapopiga hatua mlango wa nyumba unafunguka wenyewe, bila kirangozi kupiga hodi. Mama wa Paja la Kushoto anatoka nje na bakuli. Anachukua sukari, anaingia, anatoka tena, anasema jikoni kumewaka na watu wanaomba nyongeza. Jirani yake wa kulia naye anatoka na sufuria. Wapagazi wanakaa chini kando ya barabara kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, wananyoosha miguu.

"Angalieni," mmoja anawaambia wenzake. "Mnyamwezi anabeba mzigo, na wapagazi tumekaa."

Nilipofika mwisho kirangozi alinitua ndoo. Nikachovya kijiti, nikanusa, nikaweka ulimini. Nilihesabu mpaka tano. Kisha nikatema kwenye bakuli la yule mama, taratibu, nikimtazama nyuki. Nyuki akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayemwona mwanafunzi ameshika patasi upande unaofaa.

Ladha ilibaki yote. Daraja la kwanza.

Kirangozi akachukua daftari langu, akapiga mstari wa safu ya tano kwa ukucha, akachovya kidole barabarani, akaandika. "Zilizobaki ni za kesho," akasema.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na Kalunde, mke wangu, alikuwa ameshaniwekea maji ya kunywa. Aliniuliza kama nimelala vizuri, maana miguu yangu ilikuwa ikienda usiku kucha kama ya mtu aliyefukuzwa. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliuliza tangu juzi.

"Baba Kulwa, unakwenda kupima kidole au mkono?"

"Mkono," nikasema. "Waulizwe wote."

Hakuuliza wote ni akina nani. Tumeishi pamoja miaka ishirini na miwili. Nilimwomba bakuli moja la zamani, akanipa lile lenye ufa.

Nilipita ghalani kuchukua daftari nikamwonyeshe Sikudhani, nimwambie na zile siku tatu, ili anicheke yaishe. Lilikuwa juu ya ndoo ya kumi na saba, ambayo sijawahi kuionja. Nikafungua. Mstari wake ulikuwa umejazwa: rangi, harufu, uzito, ladha. Pembeni kulikuwa na safu mpya, imenyooka, ina kichwa kilichoandikwa "Mwonjaji", na chini yake neno moja: imetemwa.

Mimi nina kalamu moja, ya buluu. Kalunde hana kalamu. Maandishi yalikuwa mekundu, yameanza kukauka na kuwa ya kahawia. Nilikagua vidole vyangu vyote kumi, kimoja kimoja, mwangani. Hakuna kilichochomwa.

Ndoo ishirini na tatu zilikuwa bado. Nililiweka bakuli karibu na ya kumi na nane, kwa ajili ya kesho, nikafunga mlango wa bati. Hospitali ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na nilikwenda kwa miguu. Kabla sijaifikia barabara kubwa, paja la kushoto lilikuwa limeshafunguka.