Diski Mbili Zinazolingana

Fundi alipochomoa diski ya zamani kwenye kompyuta yangu na kuiweka kando ya kikombe chake cha chai, nilijua naibiwa. Tangu saa nne asubuhi macho yangu hayakubanduka mikononi mwake. Mimi si mtu wa kuchezewa shere.

“Hiyo unaipeleka wapi?”

“Siipeleki popote, dada. Naitoa isije ikafutika. Mfumo si tunauweka kwenye hii mpya?”

“Irudishe.”

“Ndivyo nifanyavyo siku zote, dada, ili—”

“Kuwachomolea watu vitu vyao? Thubutu! Irudishe humo humo.”

Akacheka kidogo, akairudisha kando ya ile mpya, akakaza skrubu. Kicheko chenyewe nikakitilia shaka.

Ndani ya diski ile yumo mama. Si picha, ni sauti. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa namrekodi bila yeye kujua, akiosha vyombo, akimsema jirani, akiniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita. Nakala sina. Mwenyewe sijui kuitoa, na kumpa mtu anitolee sikuthubutu. Ningemwaminije?

Fundi akawasha kompyuta. Skrini ikauliza mfumo uwekwe wapi: diski sifuri au diski moja. Ukubwa ule ule, maana hiyo mpya niling'ang'ania ilingane kabisa na ya zamani, nisije nikapunjwa. Tena nilimlazimisha muuzaji aijaribu kwa kuitia mafaili mbele yangu, kwa hiyo hata yenyewe haikuonekana tupu.

“Chagua,” fundi akasema, akanisogezea kipanya.

“Fundi si wewe?”

“Ingekuwa mimi, ningebakiza moja tu humu, nyingine ingekuwa pale kwenye chai. Utakayochagua inafutwa yote, dada. Sibahatishi na kitu cha mtu.”

Nikaweka mshale kwenye sifuri. Ya zamani si ndiyo iliyotangulia kuwamo? Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyotolewa na kurudishwa. Nikauhamishia kwenye moja, nikaurudisha. Nikaogopa, nikamtazama fundi. Kumbe ni mtu mzima, ana mvi, na miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Asubuhi nzima nilikuwa nimeona mikono tu.

“Zima,” nikasema. “Itoe ya zamani.”

Hakunisimanga. Alifungua skrubu moja moja, akaichomoa, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto.

Akawasha tena, mfumo ukaanza kuingia kwenye diski iliyobaki. Nikasikia sauti yangu ikiuliza kama anaweza kunitolea nakala ya sauti za mama zilizomo.

“Naweza. Ila utaniachia hadi kesho. Na itabidi nisikilize kidogo, nijue kama zimetoka salama.”

Yaani atamsikia mama akiniita.

“Mwanzo wake ni makelele ya vyombo,” nikamwambia. “Usidhani imeharibika.”

“Sawa, dada.”

Akakinga mkono. Nami nikanyoosha wangu, lakini vidole vikachelewa kufunguka.