Wapagazi wa Pampu ya Oili

Taa nyekundu ya oili iliwaka kwenye dashibodi ya lori la Thuwaini alipokuwa anatoka Isikizya na shehena ya karanga, naye akafanya kama wafanyavyo madereva wengi wa njia ile: akabandika plasta juu yake. Ilikuwa plasta ya kidonda, na ilikaa vizuri. Akaendelea na safari. Kufika Ipuli, injini ikaanza kuimba.

Haikuwa kugonga. Kugonga Thuwaini alikujua, na alikuwa na dua zake za kuituliza injini. Huku kulikuwa kuimba hasa: sauti moja inatangulia, nyingi zinaitikia, kwa Kinyamwezi cha zamani, polepole, kama watu waliokwisha kukubali kwamba njia ni ndefu. Ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara walisimama kusikiliza. Thuwaini alizima redio ili naye asikie, halafu akakata kona kwenda Mtendeni, mjini Tabora, kwa fundi Rustika.

Rustika alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi, na alikuwa na gereji ya ukuta mmoja nyuma ya duka la mikate. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko patasi.

"Umebandika plasta," alisema, akichungulia dashibodi. "Mgonjwa kajikwaa wapi?"

"Fungua tu, fundi. Karanga nazishusha hapa hapa mjini, lakini tumbaku inanisubiri huko kwenu Ulyankulu, na mawingu unayaona."

Mawingu yalionekana. Mvua ikianza, barabara ya Ulyankulu hugeuka uji, na tumbaku hupewa mwenye lori lililowahi. Katika mali yote ambayo ukoo wa Thuwaini ulikuwa nayo tangu mababu zake walipofika kutoka Omani, lori hilo ndilo lililobaki.

Rustika alimwaga oili, akashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaitoa pampu, akaiweka mezani na kufungua mfuniko wake. Gia mbili za ndani zilikuwa laini kama kokwa za ukwaju, hazina hata jino. Pampu ya namna hiyo haiwezi kusukuma mate. Waliokuwa wanapandisha oili ni watu. Walijipanga mstari kuuzunguka ukuta wa pampu, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, begani amebeba tone la oili.

"Kumbe," alisema Rustika, akifuta mikono. "Nilikuwa najiuliza gari hili linatembeaje."

Akawasalimia kwa Kinyamwezi chake cha kuokoteza. Waliitikia bila kugeuza shingo, kama waitikiavyo watu wenye mzigo.

"Sasa sikiliza, bosi. Nikiikarabati, natia gia mpya, mkereza vyuma anausawazisha mfuniko, kesho unaondoka. Lakini gia mpya ina meno. Itawasaga hawa. Ukinunua pampu nzima, inatoka Dar kwa basi, unachelewa, na hawa wanabaki nje."

"Si watarudi kwao?"

"Na mzigo begani?"

Ikabidi aitwe Shangazi Tufaha, dada wa marehemu baba yake Thuwaini, aliyekaa nyumba ya pili. Alikuja na miwani yake. Rustika akamwamkia, "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Akainamia pampu, akatazama kama mtu anayetazama vyombo vya kabatini kwake.

"Hawa ni wa babu yangu," alisema.

Akaeleza. Katika misafara ya zamani, mpagazi hakutua mzigo mwisho wa safari mpaka mwenye mali asimame mbele yake, aseme, "Tueni." Neno hilo likisemwa, safari imekwisha, watu wanakula chakula cha kufika, kila mmoja anashika njia ya kwao. Babu yake alirudi kutoka pwani, akawapanga uani, akaingia ndani kuoga, akatokea mlango wa nyuma. Alikuwa na safari nyingine mbele, na kukusanya watu upya ni taabu. Tangu hapo waliingia popote penye kitu cha kuzungusha: gurudumu la kisima, cherehani ya mama yake, sasa lori.

"Na mlikuwa mnajua?" aliuliza Rustika.

"Tulikuwa tunashona," alisema Shangazi Tufaha.

Thuwaini hakuwa mtu wa kusaga watu. Aliipiga picha pampu, akaituma Dar kwa simu, akaagiza mpya. Wapagazi waliwekwa katika kopo la maziwa ya unga, dirishani kwa Shangazi, nao waliendelea kuimba. Wimbo ulitambaa Mtendeni kama harufu ya kahawa. Waliokwenda sokoni walijikuta wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, bila kupatana. Watoto wachanga walilala. Mawingu nayo yalisimama juu ya mji, yameshiba maji, hayanyeshi, kana kwamba yanangoja kuambiwa. Hakuna aliyeshangaa. Tabora imeona mengi, hata treni kufika kwa wakati.

Basi likaleta pampu. Rustika akaifunga, akabandua plasta, akawasha. Taa ikazimika. Injini ikanguruma kama injini yoyote ile, na lori likaonekana jepesi kidogo, tena pweke.

"Haya," alisema Rustika. "Watue watu."

Shangazi Tufaha alikuwa amekwisha kutandika mkeka uani na kupika ugali na mlenda, akaupakua kwenye vizibo vya soda. Thuwaini aliweka kopo juu ya mkeka, akasimama mbele yake, akafunga kifungo cha shati. Ndani ya kopo wimbo ulikoma. Mstari ukanyooka. Walikuwa wanamtazama mdomo.

Yeye alikuwa anatazama boksi la pampu mpya.

"Fundi, hii ina uhakika?"

"Pampu ni pampu. Hakuna anayekuapia."

"Ikinifia porini huko?"

"Utalala porini. Wenzako wanalala."

Thuwaini alifikiri. Kila dereva aliyemjua alikuwa na spea ya zamani nyuma ya kiti. Kitu kilichokufikisha hakitupwi.

"Thuwaini," alisema Shangazi Tufaha. "Ni neno moja tu, baba."

Akafungua mdomo.

"Subirini kidogo," alisema.

Rustika akaanza kukusanya spana zake. Shangazi Tufaha akakifunika chakula kwa kawa, nzi wasikiingie, akarudi kukaa. Thuwaini alilibeba kopo kwa mikono miwili, kwa heshima, akaliweka nyuma ya kiti, karibu na jeki, akaliegemeza vizuri lisianguke kwenye makorongo. Kisha akaliondoa lori kuelekea Ulyankulu, na mvua ya kwanza ikaanza kudondoka nyuma yake.

Ndani ya kopo, wapagazi walihamisha mizigo yao, kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.